Ulanzi na Baraza la Waonjaji

Watu wengi wanapotaja utamaduni wa taifa letu hutaja kwanza ngoma, kisha mashairi, vinyago, mavazi na hadithi za wazee. Ni haki vitajwe, kwani ndivyo vinavyoonekana na kusikika kwa urahisi. Lakini zipo sehemu za utamaduni ambazo hazipandi jukwaani wala haziwekwi katika makumbusho, kwa sababu zimo ndani ya mwenendo wa kila siku, na aliyezizoea hazioni kuwa ni kitu. Mojawapo ni namna watu wanavyokunywa pamoja. Tangu Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, mengi yamesemwa juu ya ngoma zetu. Juu ya kinywaji yamesemwa machache, na mara nyingi kwa lugha ya kukemea. Sisi twapenda kwanza kueleza. Kukemea kutafuata mahali pake, kwa maana pako.

Tunazungumza juu ya ulanzi, kinywaji cha nyanda za juu kusini, hasa Iringa na Njombe, ambayo ilikuwa mkoa mmoja na Iringa hadi mwaka 2012. Na tunazungumza kama watu wanaokaa pamoja kuuonja. Kikao chetu hukutana Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula cha mchana, katika ua wa mmoja wetu huko Mufindi. Hatuna katiba, hatuna kadi, hatuna mwenyekiti wala mweka hazina. Tu wakulima kwa sehemu kubwa. Pamoja nasi wamo mwalimu, fundi seremala, karani aliyestaafu, na akina mama wawili ambao wamekuwa wakiuza ulanzi kwa miaka mingi kuliko sisi tulivyounywa. Kila mtu huja na lita moja aliyoinunua kwa mgema tofauti. Kazi yetu ni kuonja, kusema, na kukubaliana. Majirani wametupa jina la baraza la waonjaji, kwa mzaha kwanza, na sasa bila mzaha.

Neno linalotumika nchini kote kwa mahali pa kunywea pombe ya kienyeji ni kilabu. Neno hilo tumelikopa kwa Waingereza, na katika kulikopa tumeligeuza maana. Kwa Mwingereza wa enzi za ukoloni kilabu ilikuwa nyumba yenye mlango na orodha ya wanachama, na Mwafrika aliingia humo akiwa mtumishi aliyebeba sinia. Katika midomo yetu kilabu ni mahali pasipo mlango. Mpita njia hukaribia, husalimu "Kamwene!", huitikiwa "Kamwene!", na husogezewa kigogo cha kukalia kabla hajaulizwa atokako. Hivyo hivyo maneno mengine ya vinywaji yametufikia kwa safari ndefu: mvinyo limetoka kwa Wareno, na divai kwa Wafaransa. Ulanzi ni letu tangu mzizi wake, kwa kuwa hutoka katika mlanzi, na mlanzi umeota hapa hapa.

Mlanzi ni mwanzi wa namna yake. Kwa mbali waweza kuudhania kuwa mianzi ya kujengea, lakini mgema hadanganyiki. Mvua za masika zinapoanza, mara nyingi mwezi wa Desemba au Januari, machipukizi hutokeza ardhini na kukua upesi mno. Chipukizi likiisha kupanda kiasi, lingali laini, mgema hukata ncha yake kwa kisu kikali, kisha hufunga hapo chombo kinachoitwa mbeta, yaani pingili ya mwanzi mkubwa iliyokatwa ikabaki na kitako chake. Utomvu hudondoka humo tone kwa tone. Kila asubuhi na kila jioni mgema hurudi, humimina kilichopatikana, huchonga upya kipande chembamba cha jeraha ili lisifunge, na hufunga mbeta tena. Kazi hii haijui Jumapili wala sikukuu. Mgema akikosa siku mbili, chipukizi hukauka mdomo.

Hapa pana jambo ambalo mnywaji asiyetoka kilabuni halijui. Chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi. Mgema mwenye tamaa hukata kila chipukizi linalotokeza, akapata ulanzi mwingi mwaka huu, na baada ya miaka michache shina lake likadhoofu. Mgema mwenye akili huacha baadhi yakue, ili shina lipate nguvu ya kuzaa mwaka ujao. Kwa hiyo anayetazama shamba la milanzi hutazama pia tabia ya mwenyewe, na wazee wetu hawakuhitaji kuuliza sana juu ya mchumba wa binti yao maadamu wamekwisha kupita shambani kwake.

Ulanzi hauongezwi hamira wala sukari. Hamira imo hewani na katika chombo chenyewe, nayo huanza kula sukari ya utomvu mara tu unapodondoka, ikitoa kileo na hewa ile inayofanya povu. Ndiyo maana ulanzi hauna umri mmoja. Ule wa asubuhi, mtamu, unaofaa hata kumkata kiu mtu atokaye kulima, huitwa togwa. Kwingineko nchini togwa ni kinywaji cha nafaka na kimea, lakini wazo ni moja: utamu ambao bado haujapata ukali. Ulanzi uliolala, uliopoteza utamu na kupata nguvu, huitwa mkangafu, na jina lenyewe lasikika kama mtu aliyekunja uso. Kati ya togwa na mkangafu zimo saa nyingi, na ndani ya saa hizo ndimo mwonjaji anamofanya kazi yake. Baada ya mkangafu huja uchachu wa siki, na hapo hakuna tena cha kuonja.

Uonjaji wetu una utaratibu, ingawa haukuandikwa. Aliyeleta chombo hunywa kwanza, mbele ya macho ya wote. Desturi hii imo katika makabila mengi ya nchi yetu, na asili yake ni kumhakikishia mgeni kuwa hamna sumu. Leo hakuna anayemhofia jirani yake kwa sumu, lakini tumeishika desturi kwa kuwa inafundisha kwamba usimpe mwenzio usichoweza kunywa mwenyewe. Kisha kikombe huzunguka kuanzia kwa mkubwa kwa umri. Kwanza hutazamwa. Ulanzi mwema ni mweupe kama maji ya mchele, na povu lake ni dogo dogo, halikai sana wala haliondoki upesi. Kisha hunuswa, kwani mbeta ambayo haikusuguliwa hutoa harufu ya ukungu, na dumu lililobeba mafuta ya taa halisahau lilichobeba hata lioshwe mara kumi. Mwisho huonjwa funda moja, nalo hushikwa mdomoni kidogo kabla ya kumezwa. Tumesikia kwamba waonjaji wa divai huko Ulaya hutema. Mzee wetu mmoja alipoambiwa hivyo alifikiri kitambo, akasema kuwa labda wao huleta divai wasiyoiamini.

Baada ya hapo huwa kimya. Hakuna anayeruhusiwa kusema mpaka kikombe kimemaliza mzunguko, kwa sababu neno la kwanza huwafunga wengine ndimi. Kisha husemwa, kuanzia kwa mdogo. Utaratibu huu wa kunywa kwa kushuka na kusema kwa kupanda una hekima yake: kijana hupata kusema ulimi wake ulichokiona, kabla hajajua mzee anataka kusikia nini. Hapo ndipo husikika lugha ambayo hatuisikii popote pengine. Ulanzi mmoja umechoka, mwingine una haraka, wa tatu umelala bila kuota, wa nne unaingia kama mgeni na kutoka kama mwenye nyumba. Tulijaribu siku moja kuyahesabu maneno ya namna hii, yale ya Kiswahili na yale ya Kihehe na Kibena, tukachoka kabla ya maneno kwisha.

Msomaji aweza kuuliza kama haya si mchezo wa watu wenye nafasi. Yangekuwa hivyo kama hukumu yetu ingeishia uani. Lakini kijiji ni kidogo, na Jumatatu asubuhi wauzaji wamekwisha kusikia ulanzi wa nani ulisifiwa na wa nani ulinyamaziwa. Katika miezi ya masika, wakati ghala la mahindi limekaribia kwisha na mavuno mapya bado, ulanzi ndio unaoleta fedha ya chumvi, ya sabuni na ya madaftari ya watoto. Neno moja letu laweza kuongeza au kupunguza fedha hiyo. Wazee wa pwani walisema juu ya mnazi kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi bara tumeiona kweli ya methali hiyo, na tumeona pia upande wake wa pili: mgema akilaumiwa bila haki huweka kisu chini.

Kwa mfano, masika moja uliletwa kikaoni ulanzi wa mama mmoja mjane, aliyekuwa na mashina machache tu ya milanzi bondeni. Kikombe kilizunguka, na kila mtu aliuona wepesi wake. Ulikuwa na maji. Kijana aliyepaswa kusema kwanza alisema hivyo hivyo, na wawili waliomfuata waliongeza kwamba ni aibu mtu kuuza maji kwa bei ya ulanzi. Ilipomfikia mmoja wa wale akina mama wauzaji, alikataa kutoa hukumu. Alisema, "Ulimi wangu umeonja maji, haukuonja aliyeyatia." Akashauri neno lolote lisitoke uani mpaka shamba litazamwe. Kesho yake alfajiri watatu wetu waliteremka bondeni pamoja naye. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuta mbeta zimefungwa vizuri kwa mkono wa mtu mwangalifu, lakini bila kifuniko. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akizifunika kwa majani kila jioni, na mjane, aliyejifunza kazi kwa kutazama tu, alidhani majani yale yalikuwa ya kuzuia nyuki. Mvua ndiyo iliyokuwa ikitia maji. Alionyeshwa namna ya kufunika, na Jumapili iliyofuata ulanzi wake uliletwa tena, ukazunguka, ukasemwa kama unavyosemwa ulanzi mwingine wowote, bila huruma na bila chuki. Ulikuwa mzuri kiasi. Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri sana.

Tangu siku hiyo tumeshika kanuni kwamba kasoro ya ulanzi husemwa kikaoni, na sababu yake hutafutwa shambani. Hatudhani kanuni hii ni ya ulanzi peke yake. Yeyote anayehukumu kazi ya mwenzake, awe mkaguzi wa shule, bwana shamba au mhariri wa magazeti, angefaidika kwa kuteremka bondeni alfajiri kabla ya kufungua kinywa.

Sasa tuje kwenye lawama, kwani tuliahidi. Kuonja kwakaribiana mno na kunywa, na kunywa kwakaribiana mno na kulewa. Tungekuwa waongo kama tungesema kwamba vilabu vyetu ni mahali pa hekima tu. Tumeona fedha ya pembejeo ikiishia katika lita. Tumeona watoto wakitumwa kilabuni kuchukua pombe ya baba, wakionja njiani. Tumeona mkangafu ukinywewa asubuhi na watu ambao majembe yao yalikuwa yakiwangoja. Serikali ilipotunga Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, iliyotaka vilabu viwe na leseni na saa maalumu za kufunguliwa, haikufanya hivyo kwa kuchukia mila. Na ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi wetu tulishukuru, maana kiroba hakikuwa na mzunguko, hakikuwa na salamu, wala hakikumtaka mtu akae. Mtu alikirarua kwa meno, akakimaliza akiwa peke yake kando ya barabara.

Hata kikaoni kwetu jambo hili limetugusa. Mwenzetu mmoja, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alifikia mahali ambapo funda moja halikumtosha. Alianza kubaki baada ya kikao, akimalizia vyombo vya wenzake. Baadhi walitaka afukuzwe, wengine walitaka kikao chenyewe kivunjwe, kwa hoja kwamba ua wetu ndio uliomfundisha. Mabishano yalichukua wiki nyingi, na hayakuwa mepesi, kwa kuwa kila upande ulikuwa na haki. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Aliomba abaki kikaoni, kikombe kimpite. Hadi leo huketi nasi, hutazama povu, hunusa, na hupitisha kikombe bila kukitia mdomoni. Na mara nyingi pua yake husema kweli kuliko ndimi zetu. Tangu hapo tumekubaliana kwamba kinachobaki katika vyombo humwagwa shinani, na kwamba jua likigusa kilima kila mtu huenda kwake. Mtu asiyeweza kumwaga pombe nzuri ardhini, mikono yake ikiwa imetulia, bado hajajua kuonja.

Ulanzi hauko peke yake. Huko Kilimanjaro Wachaga wana mbege, iliyopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, ikatiwa uchungu wa gome la msesewa, na kunywewa kwa kata inayopokezanwa. Pwani wana tembo la mnazi, na mgema wao hupanda juu na kotama yake kama mgema wetu anavyoinama chini na kisu. Dodoma wana zabibu, ambazo kwa neema ya jua la huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ambazo Serikali imezifanyia utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Makutupora. Mwaka mmoja karani wetu mstaafu alirudi kutoka Dodoma na chupa ya divai nyekundu. Tuliionja kwa utaratibu wetu, katika vikombe vya bati. Mdogo alisema imekauka kama ardhi ilikotoka. Mkubwa alisema mtu aliyeipika ana subira. Hatukujua kama hayo ndiyo maneno wanayoyatumia wataalamu, lakini tulijua kuwa tumemwonja mkulima mwenzetu wa mkoa mwingine, na tukatamani naye angeketi nasi aonje wetu.

Kutamani huko ndiko kulikotufanya tuandike. Mlanzi unapungua. Katika vijiji vyetu ardhi nyingi imepandwa misindano na mikaratusi ya mbao na nguzo, na hatumlaumu mkulima anayepanda kinachompa fedha ya kujenga nyumba ya bati. Vijana wengi hawapendi kazi ya kuamka alfajiri na kurudi shambani jioni kila siku ya masika. Mbeta zinaachwa, chupa za plastiki zinafungwa mahali pake, na ulanzi unaosafirishwa mijini katika madumu hufika umebadilika, kwa kuwa hauwezi kungoja wala kufungiwa. Ukizibwa sana hupasua chombo, ukiachwa wazi huchacha. Anayeuonja kwa mara ya kwanza kituoni mwa mabasi hudhani kwamba ulanzi ndio huo.

Yatupasa basi tufanye mambo matatu, nayo yamo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kila mwenye ardhi aache walau mashina machache ya milanzi bondeni, na aache machipukizi mengine yakue, ili wajukuu wawe na cha kugema. La pili, walimu na maofisa utamaduni wayaandike maneno ya wagema na waonjaji wangali hai, kama wanavyoandika nyimbo na vitendawili, kwani maneno hayo ni akiba ya lugha yetu ya taifa. La tatu, tufundishe kuonja badala ya kufundisha kunywa. Tunaambia vijana wasilewe, na ni vema. Lakini hatuwaambii kwamba zamani kikombe kilikuwa na mzunguko, kwamba mwenyeji alikunywa kwanza, kwamba mdogo alisema kabla ya mkubwa, na kwamba hukumu ilingoja mpaka shamba litazamwe. Kijana aliyeyajua hayo ataona mwenyewe kwamba ulevi ni kukosa adabu kwa kinywaji kabla haujawa kosa kwa sheria.

Sisi tutaendelea kukutana maadamu masika yanakuja na milanzi ipo. Atakayepita Mufindi Jumapili alasiri na akaliona kundi la watu limenyamaza kimya, kikombe kimoja kikizunguka, asidhani ni msiba. Asalimu, aketi, angoje zamu yake. Na kwa kuwa ni mgeni, tutamwomba yeye ndiye aanze kusema.